Madai ya Agent Orange: mwongozo kamili kwa mwanajeshi mstaafu, mke wake na anayemtunza

Mzee aliyetumikia jeshi la Marekani nchini Vietnam akiugua kisukari leo, sheria haimtaki athibitishe kwamba kisukari hicho kililetwa na Agent Orange, dawa ya kuua magugu iliyonyunyizwa kule zaidi ya miaka 50 iliyopita. Hilo sheria imeshamkubalia. Ili serikali ya Marekani imlipe kila mwezi kwa ulemavu wake, anachotakiwa kuonyesha ni mambo matatu: kwamba alikuwa mahali panapotambuliwa katika tarehe zinazotambuliwa, kwamba ana ugonjwa uliomo kwenye orodha, na kwamba hakuondolewa jeshini kwa fedheha. Lakini wazee wengi humaliza nguvu zao kubishana kuhusu sumu, wanabeba mafaili ya makala za kisayansi, kisha wananyimwa kwa kukosa karatasi moja ya hospitali.

Nawaandikia Waswahili ambao jambo hili limewafikia ndani ya nyumba: aliyeolewa na mwanajeshi mstaafu, mjane aliyerudi Mombasa au Arusha, mkwe anayeshughulikia barua za baba mkwe. Nawaandikia pia wenzetu wanaofanya kazi ya kutunza wazee huko Marekani, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kumsikia mzee akitaja Da Nang, mji wa Vietnam, huku wakimpangia vidonge vyake vya asubuhi.

Sumu yenyewe, kwa ufupi

Kuanzia 1962 hadi 1971, jeshi la Marekani lilinyunyiza viuagugu zaidi ya lita milioni 70 juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, ili adui akose pa kujificha na chakula. Sehemu kubwa ilikuwa Agent Orange, jina lililotokana na mstari wa rangi ya chungwa uliopakwa kwenye mapipa. Ilikuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kemikali mbili, 2,4-D na 2,4,5-T. Hiyo ya pili, wakati wa kutengenezwa kiwandani, ilizalisha uchafu uitwao dioksini, na dioksini ndiyo iliyoleta balaa.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Agent Orange mwaka 1991. Mwaka 2019 ikaja sheria ya mabaharia waliokuwa kwenye maji ya pwani ya Vietnam, na tarehe 10 Agosti 2022 ikasainiwa PACT Act, iliyopanua maeneo na magonjwa. Wavietnam wenyewe, walionyunyiziwa mashamba yao, hawamo katika malipo haya. Hilo linaniuma, lakini si somo la leo.

Hatua ya 1: Weka tarehe kabla ya kutafuta karatasi yoyote

Idara ya wanajeshi wastaafu, ambayo kila mtu huiita VA, kwa kawaida haihesabu malipo kuanzia siku mzee alipougua. Huhesabu kuanzia siku ilipopokea madai. Kila mwezi mnaoutumia kutafuta vyeti bila kuwaarifu ni mwezi wa malipo unaopotea.

Dawa yake ni fomu 21-0966, ya kutoa taarifa kwamba unakusudia kudai. Haihitaji ushahidi wowote. Ukishaitoa, unapata mwaka mmoja wa kukamilisha madai, na madai yakikubaliwa malipo huhesabiwa kuanzia tarehe ya taarifa hiyo. Unaweza kuijaza kwa karatasi au kupiga simu 800-827-1000 ukasema unataka kutoa taarifa ya kusudio. Mzee akianza kujaza madai ya ulemavu kwenye tovuti ya va.gov kwa akaunti yake, tarehe hujiweka yenyewe. Andika tarehe hiyo mahali ambapo nyote mtaiona, kwa sababu mwaka ukipita bila madai kukamilika, tarehe inakufa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ugonjwa ukiongezwa kwenye orodha na sheria mpya, na mzee alikuwa tayari nao siku sheria ilipoanza na ameendelea kuwa nao, VA inaweza kumlipa hadi mwaka mmoja nyuma kabla ya siku aliyodai. Presha iliongezwa na PACT Act. Mzee mwenye presha ya miaka 20 ambaye hajawahi kudai asidhani amechelewa.

Hatua ya 2: Tafuta msaidizi wa bure, na umfukuze anayetaka hela mapema

Vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV, VFW, American Legion na Vietnam Veterans of America vina maofisa waliopewa kibali na VA, nao husaidia bila malipo. Kaunti nyingi zina ofisa wa namna hiyo pia. Mzee husaini fomu 21-22 ili ofisa awe mwakilishi wake na aweze kuliona faili.

Wakili haruhusiwi kutoza ada kwa madai ya mara ya kwanza. Anaweza kulipwa baada ya VA kutoa uamuzi wa kwanza, na ada ya hadi asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo huhesabiwa kuwa ya haki. Kwa hiyo kampuni ikikupigia simu na kuahidi asilimia 100 (kiwango cha juu kabisa cha ulemavu, kwani VA hupanga malipo kwa asilimia za ulemavu) mradi uilipe mara kadhaa ya nyongeza ya mwezi, hao ni matapeli hata kama tovuti yao imejaa bendera.

Wewe unayemtunza mzee kwa mshahara, usigeuke wakala. Kuandaa madai ya watu kunahitaji kibali. Waambie watoto wake au mkewe, wapeleke kwa ofisa. Kazi yako ipo, na tutaifikia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Thibitisha alikuwa wapi

Aliyekanyaga ardhi ya Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975 anahesabiwa kuwa aliguswa na sumu. Hakuna kiwango cha chini cha muda. Hata aliyeshuka kwenye ndege Saigon ikajazwa mafuta, akapanda tena, amekanyaga. Vivyo hivyo aliyekuwa kwenye meli ndani ya mito ya Vietnam, au baharini ndani ya takriban maili 12 za majini kutoka pwani yake.

Nje ya Vietnam, haya ndiyo maeneo na tarehe zake:

- Thailand, kwenye kambi yoyote ya Marekani au ya Thailand: 9 Januari 1962 hadi 30 Juni 1976
- Laos: 1 Desemba 1965 hadi 30 Septemba 1969
- Kambodia, maeneo ya Mimot na Krek mkoani Kampong Cham: 16 hadi 30 Aprili 1969
- Guam na Samoa ya Marekani pamoja na maji yake: 9 Januari 1962 hadi 31 Julai 1980
- Kisiwa cha Johnston, au meli iliyotia nanga hapo: 1 Januari 1972 hadi 30 Septemba 1977
- Mpaka wa Korea mbili, kwa vikosi vilivyotambuliwa: 1 Septemba 1967 hadi 31 Agosti 1971

Wamo pia waliofanya kazi ndani ya ndege za C-123 zilizokuwa zimetumika kunyunyizia, hata kama walizipanda baadaye wakiwa Marekani.

Kuhusu Thailand nisimame kidogo. Kabla ya 2022, aliyetumikia Udorn, Korat, Ubon au U-Tapao alitakiwa aonyeshe kwamba kazi yake ilikuwa kwenye uzio wa kambi, ambako viuagugu vilipigwa. Mlinzi au mwenye mbwa wa doria alikubaliwa, mpishi na fundi wa ndege wakakataliwa. Sasa masharti ya uzio yameondoka. Mzee wa Thailand aliyekataliwa miaka hiyo arudi, safari hii kwa fomu 20-0995 ya madai ya nyongeza. Mabadiliko ya sheria yenyewe yanatosha kulifungua faili upya.

Karatasi ya kwanza ni DD 214, cheti cha kuachishwa jeshi. Kikipotea, omba nakala kwenye kituo cha kumbukumbu za jeshi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu SF-180 au mtandaoni. Mjane ambaye hajaolewa tena na watoto wa marehemu nao wanaruhusiwa kuomba. Moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili kwenye kituo hicho, lakini yalikuwa hasa ya jeshi la nchi kavu la walioachishwa kabla ya 1960 na sehemu ya jeshi la anga kabla ya 1964. Wengi wa kizazi cha Vietnam faili zao zimesalimika, kwa hiyo usikubali kirahisi ukiambiwa "iliungua".

Angalia vizuri cheti hicho. Nishani ya utumishi wa Vietnam ni dalili nzuri, ila ilitolewa pia kwa waliokuwa Thailand na baharini, hivyo peke yake haithibitishi mtu alikanyaga nchi kavu. Kama cheti hakisemi waziwazi, omba faili zima la utumishi: amri za safari za muda, taarifa za tathmini, kumbukumbu za posho ya hatari. Kwa baharia, jina la meli na miezi aliyokuwemo vinatosha kuanzia, kwa kuwa VA ina kumbukumbu za safari za meli. Picha ya zamani yenye tarehe nyuma, bahasha ya barua aliyomwandikia mama yake, au maelezo ya mwenzake wa kikosi kwenye fomu 21-10210, vyote ni ushahidi. Na ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inaelekeza mzee apewe ushindi.

Hatua ya 4: Ugonjwa lazima uwe na jina la daktari

Orodha ina saratani za tezi dume, kibofu cha mkojo, mapafu, koo la sauti na njia ya hewa. Saratani za damu na mitoki zikiwamo mailoma, limfoma na baadhi ya lukemia za muda mrefu. Na saratani za tishu laini. Kuna kisukari cha aina ya pili, ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa yake kuziba, presha, Parkinson na hali zinazofanana nayo, tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, amiloidosisi ya aina ya AL, na MGUS, hali ya protini isiyo ya kawaida kwenye damu. Yapo machache ya ngozi na mishipa ya fahamu ambayo ni lazima yawe yalijitokeza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuguswa na sumu. Hayo kwa sasa huwasaidia wachache sana.

"Nina sukari" haitoshi. Kinachotakiwa ni majibu ya maabara, taarifa ya kipimo cha kinyama kilichokatwa, ripoti ya moyo, orodha ya dawa. Kama mzee hutibiwa hospitali ya VA, wataziona wenyewe. Kama ni hospitali binafsi, asaini fomu 21-4142 VA wazifuate, au mwende mkazichukue wenyewe, ambayo ndiyo njia ya haraka.

Presha ina mtego wake. Kupata asilimia 10 kunahitaji namba ya chini iwe kwa kawaida 100 au zaidi, au ya juu 160 au zaidi, au historia ya namba ya chini kufika 100 kwa mtu ambaye ni lazima ameze dawa daima. Mzee anayemeza dawa vizuri leo ana 130 kwa 80, na ndiyo maana wengi huishia asilimia sifuri. Tafuteni vipimo vya zamani, vya kabla ya dawa au vya mwanzo wa dawa. Namba ya chini ya 104 kwenye kadi ya 1998 inaweza kubadilisha uamuzi.

Kisha fuata matawi ya ugonjwa, kwani hapa ndipo familia nyingi huacha haki yao. Kisukari cha vidonge na mpangilio wa chakula hupewa asilimia 20. Lakini kisukari hicho kikileta ganzi na kuwaka moto miguuni, kila mguu huhesabiwa peke yake. Figo huhesabiwa. Macho huhesabiwa. Upungufu wa nguvu za kiume una posho yake maalumu, na wazee hawautaji kwa aibu, hasa aliyekaa naye akiwa ni binti yake. Kama ni wewe binti, mwachie karatasi aandike mwenyewe, au mwache aongee na ofisa faragha.

Ugonjwa usiokuwemo kwenye orodha haujafungiwa mlango. Daktari anatakiwa aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa umetokana na viuagugu, na aeleze kwa nini. Barua isiyo na sababu haina nguvu.

Hatua ya 5: Peleka madai

Fomu ni 21-526EZ. Orodhesha kila ugonjwa kwa jina lake, na pale unapoulizwa umesababishwa na nini, andika mahali na tarehe: "viuagugu, Bien Hoa, 1968 hadi 1969." Matawi nayo yaandikwe: "ganzi ya miguu yote miwili, kutokana na kisukari." Njia rahisi ni mtandaoni. Ya posta ni Evidence Intake Center, PO Box 4444, Janesville, WI 53547-4444. Tuma nakala, ubaki na hati halisi.

Mwenye umri wa miaka 85 au zaidi, mwenye ugonjwa usio na tiba uliofikia mwisho, au anayekaribia kupoteza nyumba, aambatishe fomu 20-10207 ili faili lake litangulizwe.

Kuna kosa linalorudiwa sana: mzee alikwenda kufanyiwa uchunguzi wa rejista ya Agent Orange hospitalini, akaamini amedai. Rejista ni uchunguzi wa afya tu. Haiwi madai.

Hatua ya 6: Uchunguzi wa madai

VA inaweza kumwita mzee kwa daktari, mara nyingi wa kampuni ya mkataba. Simu huja kwa namba ngeni na mzee hukata akidhani ni tapeli. Asipofika, huenda wakaamua kwa karatasi zilizopo au wakakataa. Akishindwa, apige mapema abadilishiwe siku.

Tatizo kubwa la chumba kile ni ujasiri wa wazee. Daktari anauliza "unaendeleaje?" naye anajibu "nzuri tu", mtu ambaye usiku ameamka kubadilisha nguo mara nne. Hapo ndipo mke na mtunzaji wana thamani kuliko karatasi. Wiki kadhaa kabla, andikeni daftari: ni pedi ngapi za mkojo kwa siku, mara ngapi ameanguka, ngazi ngapi anapanda kabla ya kushika kifua, nani anamfunga vifungo. Baada ya matibabu ya tezi dume, kutumia pedi mbili hadi nne kwa siku ni asilimia 40, na zaidi ya nne ni 60. Kwa hiyo idadi ni fedha. Asitie chumvi, aeleze siku mbaya zinavyokuwa na zinakuja mara ngapi.

Hatua ya 7: Kusoma barua ya uamuzi

Asilimia hazijumlishwi kama shuleni. Ni kama watu wanaokula sahani moja: 50 inakula nusu ya sahani, halafu 30 inapewa asilimia 30 ya kilichobaki, ambayo ni 15. Jumla ni 65, inasogezwa hadi 70. Malipo hayakatwi kodi, na kwa kawaida hupanda Desemba kufuata gharama za maisha. Kwa mwaka 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na asilimia 100 kwa asiye na wategemezi dola 3,831.30. Kuanzia asilimia 30, mke na watoto wanaomtegemea huongeza malipo, lakini ni lazima waandikishwe.

Saratani ya tezi dume hupewa asilimia 100 wakati iko hai na inatibiwa. Miezi sita baada ya tiba kwisha hufanyika uchunguzi mwingine, na asilimia hufuata madhara yaliyobaki. Barua ya kupendekeza kupunguza ikija, mna siku 60 za kupeleka ushahidi. Msiiweke droo.

Asiyeweza tena kufanya kazi kwa sababu ya magonjwa haya anaweza kulipwa kiwango cha 100 kwa fomu 21-8940 hata kama jumla yake ni 70. Na anayehitaji mtu wa kumwogesha, kumvisha au kumlisha ana nyongeza yake. Daktari hujaza fomu 21-2680.

Wakikataa, soma sababu kwanza. Kama ushahidi ulikosekana, ulete kwa fomu 20-0995. Kama ushahidi ulikuwepo na hawakuuona, omba ofisa wa ngazi ya juu aliangalie faili lilelile kwa fomu 20-0996. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, ambayo ni ndefu. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, tarehe yenu ya malipo inabaki palepale.

Mjane, na aliyeko Afrika Mashariki

Mzee akifariki kwa ugonjwa wa orodha, mjane ana haki ya malipo ya kila mwezi hata kama marehemu hakuwahi kudai maishani mwake. Fomu ni 21P-534EZ. Akiipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, huhesabiwa kuanzia mwezi wa kifo. Kama madai ya mzee yalikuwa bado yanasubiri, ndani ya mwaka huohuo mjane anaweza kuyaendeleza kwa fomu 21P-0847. Aliyenyimwa zamani kwa ugonjwa ambao sasa umeongezwa, aombe tena.

Cheti cha kifo kinaamua mengi. "Moyo kusimama" si sababu. Kila moyo husimama. Kama nyuma yake kulikuwa na kisukari, presha au mishipa ya moyo iliyoziba, daktari auandike ugonjwa huo kama chanzo au kama uliochangia. Cheti kilichoandikwa kwa haraka kinaweza kuombewa marekebisho, na barua ya daktari aliyemtibu husaidia.

Madai hufunguliwa kutoka popote duniani. Mzee anayeishi Kenya au Tanzania, magonjwa yake yakishatambuliwa, anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa matibabu wa VA wa nje ya Marekani, unaolipia tiba ya magonjwa hayo tu. Atunze risiti zenye jina la ugonjwa, si "consultation" peke yake.

Na kuhusu ndoa: VA huitambua ndoa iliyo halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mkiishi mlipooana. Nikahi ya Kiislamu au ndoa ya kimila iliyo halali kwa sheria za Kenya au Tanzania si ndoa ya daraja la pili. Shida huwa ni karatasi. Iandikisheni sasa, mzee akiwa hai na akiweza kusaini, mpate cheti cha serikali. Na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla, tafuteni hati ya talaka au ya kifo cha mwenzi wa kwanza, maana hiyo ndiyo wataiulizia kabla ya kitu kingine.